Donge

Nilikuwa wa tatu kwenye foleni,
mkononi zipu mbili na sindano za cherehani,
theluji ya Februari ikiyeyuka viatuni mwangu,
mlinzi alipomwambia Bi Verlene Cromwell:
"Mama, fungua mkoba."

Niwe mkweli, "tafadhali" aliisema,
akaitanguliza kama mtu atandikaye kitambaa safi
juu ya meza chafu.

Mkobani mlikuwa na miwani, dawa ya presha,
tiketi ya basi la kutoka Preston,
na donge la sufu ya buluu lililoliwa nusu,
uzi wake ungali umeshikana na mkono wa sweta
ambao haujakwisha.
Alikuja nalo atafute rangi ya kufanana.
"Nililinunua hapa hapa, kabla ya Krismasi."
"Risiti iko wapi?"
Nani hutunza risiti ya sufu
ambayo tayari ina umbo la bega la mjukuu?

Mlinzi akauvuta uzi aone kama una lebo.
Safu tatu zikafumuka.
Wahenga walituambia kimya kingi kina mshindo;
changu hakikuwa na mshindo wowote.
Mimi fundi nguo, mtoto wa Walebanoni,
ngozi yangu huulizwa maswali siku moja, siku nyingine huachwa,
nikashukuru kwamba leo si zamu yangu.
Nililipa. Dola sita na senti arobaini.
Risiti nilipewa bila kuiomba.
Donge nililotoka nalo kooni halikuandikwa.

Kufikia Jumatatu Dartmouth nzima ilikuwa mdomo.
Kwa kinyozi Tyrell Provo mkasi ulisimama hewani:
"Mimi dukani natembea mikono nje ya mifuko
tangu nina miaka tisa. Mama alinifunza hilo
kabla hajanifunza kufunga kamba za viatu."
Redioni bwana mmoja wa Truro akauliza
kuna ubaya gani kukaguliwa, kama huna kitu?
Akapiga mwanamke: "Wewe umekaguliwa lini?"
Tangazo la matairi likaingia.

Wenye duka waliandika barua.
Tunasikitika kama kuna aliyejisikia vibaya.
*Kama.* Nyumba ndogo hiyo, yenye mlango wa nyuma.
Waliambatisha kadi ya dola hamsini,
itumike dukani humo humo, kabla ya Juni.

Usiku watu wakabandika risiti kwenye kioo cha duka,
za mkate, za petroli, za maua ya msiba,
nyingine zimefifia hadi kubaki karatasi tupu,
mpaka wauzaji wakawasha taa mchana.

Na Bi Doreen MacIsaac, mweupe, miaka sabini na mbili,
alianza kwa kulitetea:
"Mimi duka lile halijanigusa hata siku moja."
Akanyamaza. Akayasikia maneno yake.
Kesho yake akaingia na kikapu,
akakijaza madonge manane mbele ya kila mtu,
akatoka nayo. Mlinzi akamshikia mlango.
Akarudi, akayamwaga juu ya kaunta.
"Hesabu," alisema.

Machi, Bi Verlene akaja kwangu
kufupisha suruali ya mjukuu, naye mjukuu akiwa nyuma yake.
Nilikuwa na maneno tayari, nimeyapiga pasi.
Kabla sijafungua kinywa
aliuweka mkoba juu ya meza yangu, akaufungua mwenyewe,
akauinamisha kidogo upande wangu, nione ndani,
ndipo akatoa suruali.

Sidhani alijua amefanya hivyo.

Mtoto alikuwa amelivaa sweta. Mkono mmoja
una buluu mbili, moja yakaribia kuwa kijivu,
na mpaka wake umepita kiwikoni.
"Rangi ile sikuipata tena," alisema. "Sikurudi kuitafuta."

Nilitaka kumwambia nilikuwa wa tatu kwenye foleni.
Nikapiga goti, nikakunja pindo,
nikabana pini midomoni
kama afanyavyo fundi yeyote,
na fundi mwenye pini midomoni
hakuna anayemtaka aseme.