Rangi ya Kucha

Uyole, alfajiri. Ukungu bado umelalia magunia ya viazi
nami nimepiga goti mbele ya mashine ya Mwasenga,
tochi mdomoni, bisibisi ya baridi ikiuma vidole.

Nawajua wajanja wangu kwa alama zao.
Yule wa sarafu iliyotobolewa, kaifunga uzi wa kushonea magunia:
anaitumbukiza, anaivuta, anaitumbukiza.
Yule wa kiberiti cha gesi, tii! cheche kwenye tundu,
mashine ikashtuka, ikajiandikia pointi hamsini.

Nikaitia meno ya chuma kooni, yakate uzi.
Nikazivisha nyaya karatasi za fedha za pakiti za sigara.
Na kila skrubu nikaidondoshea rangi ya kucha ya Atuganile,
nyekundu, tone moja.
Akauliza, "Ni mwanamke gani huyo?"
Nikamwambia: ana taa tumboni, na hashibi.

Rangi haisemi uongo. Ukigusa, inapasuka.

Leo imepasuka.
Si kwenye mlango wa sarafu. Ni kule nyuma,
penye kufuli la funguo mbili:
mmoja wangu, mmoja wa Mwasenga.
Ndani, kale kaswichi ka malipo kamesogezwa chini,
chini kabisa. Zikiingia kumi, zitoke mbili.

Nje, Lusajo amefika na toroli lake tupu,
anasugua sarafu ya mia mbili kwenye suruali, ipate bahati.
"Fundi, imepona?"

Natikisa kichupa. Rangi imebaki kidogo.
Sijui nipake wapi.