Kodi ya Kiwanja

Nyumba ya bibi, Majengo, ilikuwa yake:
boriti zake, mlango wake, mabati
aliyoyanunua mojamoja kwa pesa za kaimati.
Kiwanja hakikuwa chake.
Kila mwezi ulipoandama, kijana wa mwenye ardhi
alisimama barazani na kitabu cha risiti,
na kila baada ya Idi kodi ikapanda,
na bibi akalipa, kwani nyumba haina miguu.

Niliyakumbuka hayo usiku mmoja, Tudor,
katika chumba cha nyuma cha zahanati,
nikisoma ankara ya wenyeji wetu wa miaka mitano.
Kuingia kulikuwa bure. Walitupokea kwa sharubati.
Kutoka wametupimia kwa ratili:
kila cheti cha mgonjwa, kila picha ya kifua,
ina ushuru wake mlangoni,
na kumbukumbu wamezifuma kwa lugha yao,
hazisomeki penginepo.

Daktari Mwanakombo akasema, "Si tulipe tu, Shali?"
Bibi naye alisema hivyo mara saba.
Ya nane alimwita fundi,
si kwa ugomvi, kwa bisibisi.
Kumbe tangu siku ya kwanza
alikataa saruji kwenye miimo;
mlango ulishikwa kwa skrubu.
"Nimejenga," alisema, "sikujizika."
Jumapili hiyo mkokoteni ulipita Mwembe Tayari
umebeba nyumba nzima,
na yeye nyuma, ameshika funguo.

Basi nikaishusha data, jedwali kwa jedwali,
katika miundo isiyo na mwenyewe,
nikaipandisha kwenye wingu huria
ambalo yeyote aweza kuliwasha,
hata kwenye kompyuta kuukuu chini ya meza yangu.
Programu nikazitia kwenye makasha
kama yale ya Kilindini:
kreni yoyote huyainua,
haiulizi mwenye meli ni nani.

Sijidanganyi. Ardhi bado si yangu.
Kodi nalipa, na mwenyeji mpya
ana tabasamu lile lile.
Lakini kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi
nahamisha kila kitu, kwa majaribio, kisha nakirudisha.
Mara ya kwanza ilinila siku mbili na machozi.
Jana, dakika arobaini,
na chai ilikuwa bado ina moto.

Daktari akaniuliza tunahamia wapi tena.
Hatuhami, nikamwambia.
Napaka bawaba mafuta.