Ngazi Iliyovutwa Juu

Kompyuta kumi na moja, mitumba kutoka shule moja ya Linz,
zilipanda hadi Mestia ndani ya gari la unga,
kila moja na kovu lake la stika iliyobanduliwa.
Mfumo wa kulipia tuliufuta siku ya kwanza:
leseni ilikwisha, na shule haina fungu
la kununua madirisha, wakati hata haya ya vioo
tumeyaziba kwa nailoni.
Tukaweka mfumo huru. Zikaamka. Zikafanya kazi.

Ila feni.
Feni zililia mchana kutwa kama nyuki waliofungiwa debeni,
na betri ziligoma kujaa zaidi ya nusu.
Kosa, akasema Jokia Margiani, haliko juu huku.
Liko chini, kwenye programu dhibiti,
ile inayoamka gizani kabla yetu sote,
inayohesabu kumbukumbu, inayopapasa kibodi,
inayoiuliza diski: upo?

Dawa ipo. Watengenezaji wameitoa, bure.
Lakini faili lao hufunguka kwa mfumo mmoja tu,
ule ule tuliokwisha kuufuta.
Bure ya namna hiyo naijua:
umealikwa karamuni, na kiingilio ni viatu vya mwenye nyumba.

Mababu wa hapa walijenga minara ya mawe.
Ghorofa hadi ghorofa ni tundu tu na ngazi ya mti;
adui akija, unapanda, unaivuta ngazi.
Nilimwambia Jokia: wameivuta.
Hakunijibu. Ana miaka kumi na mitano na mafua yasiyoisha;
alikuwa ameshaanza kulipasua faili.

Karatasi juu ya karatasi, kama zawadi ya mtu bahili:
ganda, ndani yake ganda, ndani picha ya nembo,
ndani mkataba wa kurasa thelathini ambao hausomwi na mtu,
na chini kabisa, kimya, megabaiti nane kamili,
kitu chenyewe.
"Hiki," alisema, "hakina chama."
Akakitia kwenye flashi ya mama yake,
pembeni ya picha za ubatizo.

Tulichagua ile yenye ufa,
ambayo hata ikifa haitaliliwa sana.
Chaja ndani. Betri asilimia arobaini na tisa.
Kitufe cha kumi na mbili. Chagua flashi. Ndiyo.
Ndiyo, nina hakika.
Kisha maandishi meupe:

USIZIME.

Nani azime? Hapa umeme hujizima wenyewe.
Kumi na nane. Ishirini na tatu.
Mwalimu Nargiza alisimama mlangoni na koti lake,
akashusha sauti kama aliyeingia chumba cha mgonjwa.
Sitini na moja, theluji ikaporomoka huko upande wa mto Enguri,
tuliisikia,
kisha taa ikafa, jiko likafa,
ikabaki skrini moja na nyuso tatu za buluu.

Betri ile mbovu. Betri tuliyokuja kuitibu
ndiyo iliyobeba dawa yake mgongoni.
Sabini. Sabini na nne ikakaa, ikakaa,
nikakumbuka kila kitu nilichowahi kukikatiza katikati.
Mia. Skrini ikawa nyeusi.
Nyeusi ya kurudi na nyeusi ya kufa zinafanana kabisa.

Jokia alihesabu kwa Kisvani, midomo ikicheza bila sauti.
Alifika kumi na saba.

Ukiangalia, hakuna kilichobadilika:
badala ya 1.14 pameandikwa 1.31.
Na feni iko kimya. Nilidhani nimekuwa kiziwi
mpaka nikasikia theluji ikidondoka kutoka paani.

Zimebaki kumi. Umeme, wamesema, labda Alhamisi.
Jokia ameandika hatua zote kwenye daftari la jiografia,
kwa kalamu ya risasi, na juu ya ukurasa amechora mnara,
na ngazi imeegemezwa, upande wa nje.