Kabla ya Kuuliza Bei

Dalali alitaka tuanze na jiko.
Nikamwambia: jiko halikimbii. Twende uani.
Akatazama viatu vyake, akatazama theluji,
akatazama saa.

Ulaanbaatar, mwezi wa pili, saa nane mchana,
na tayari kivuli cha jengo la jirani
kimelala juu ya kiwanja chote cha watoto
kama ngamia aliyegoma kuinuka.
"Jua lipo," akasema dalali. "Asubuhi."
Asubuhi mwanangu yuko shule, bwana.
Asubuhi jua lenu linacheza peke yake.

Kizuri chajiuza;
hiki kilikuwa na dalali na vipeperushi vitatu.
Mtelezo mwekundu, mnara wa manjano, ngazi ya kamba,
na chini ya theluji, aliapa, sakafu ya mpira
laini kama godoro.
Sakafu sikuiona. Niliona theluji
safi, tambarare, haina hata unyayo mmoja,
siku ya tano tangu ianguke.
Rangi isiyochubuka nayo ni ushahidi.
Khulan alinishika mkono. Ana miaka sita,
yuko mbele ya mtelezo mwekundu,
na hakuniachia.

Ganzorig alikuwa ghorofa ya kumi na mbili
akigonga kuta kwa kifundo cha kidole,
akipiga hesabu ya mkopo wa miaka ishirini.
Akapiga simu: "Njoo uone, mlima wote unaonekana!"
Na sisi, nikauliza, unatuona?
Kimya.
"Naona vitone viwili."
Nikipunga mkono?
"Vitone viwili," akarudia,
sauti imepungua.

Jengo la pili lilikuwa la kijivu, la enzi ya baba yangu,
mlango wake wa chini haufunguki bila teke.
Dalali aliomba radhi kabla hatujafika.
Bembea mbili: moja haina kiti,
minyororo inaning'inia bure.
Ile nzima nikaikalia mwenyewe,
mimi na kilo zangu sabini na moja.
Ikalia. Ikabeba.
Boliti zake zilikuwa mpya,
kuna mtu alizibadilisha, na sidhani alilipwa.
Theluji chini yake imekanyagwa hadi ikawa kioo cheusi.
Kwenye mtelezo wa bati, kipande cha boksi la sabuni,
kimechakaa kwa kukaliwa.
Glavu moja ndogo imevishwa kwenye ncha ya uzio,
inamsubiri mwenyewe.

Sikujifanya kipofu. Niliandika na mabaya:
magari matatu yameegeshwa ndani ya mstari wa watoto;
kifuniko cha shimo la mabomba nacho kinacheza
ukikikanyaga pembeni;
na moshi wa makaa, ambao jioni hushuka
bila kuuliza nani amenunua wapi.
Nilikuwa bado naandika, kalamu imeganda, naipulizia,
dirisha la ghorofa ya pili likafunguka,
bibi mmoja akatoa kichwa, akafoka:
"Wewe wa kofia ya kijani! Ulimi mbali na chuma!"

Kofia ya kijani ilikuwa ya Khulan.
Sikujua mkono wangu umekuwa mtupu tangu lini.

Alikuwa wa tatu kwenye foleni ya lile boksi,
nyuma ya mvulana mwenye makamasi
na msichana aliyekuwa akimfundisha sheria
ambazo, nilivyosikia, zilibadilika mara mbili
kabla zamu yake haijafika.

Jiko tuliliona mwishowe. Ni dogo:
wawili wakisimama, wa tatu angoje mlangoni.
Ganzorig hakugonga ukuta wowote.
Alikwenda moja kwa moja dirishani, ghorofa ya tatu,
akafuta ukungu kwa kiwiko,
akapunga mkono, akapunga tena, mikono yote miwili.

Chini, kofia ya kijani ilikuwa na shughuli zake.
Haikutazama juu.