Inaweza

Mkataba ulikuwa kurasa arobaini na moja,
Kiingereza kitupu, umebanwa pini pembeni,
na mimi nilikuwa mkalimani:
posho ya siku, chakula cha mchana, fulana yenye nembo.

Ukurasa wa kumi na tisa, kifungu cha sita,
palikuwa na neno dogo, herufi tatu tu,
ambalo ukilivusha kuja Kiswahili linakuwa *inaweza*.
Kampuni inaweza kuchimba kisima.
Inaweza kujenga zahanati.
Inaweza kuwafidia watakaobaki kwenye njia ya vumbi.

Jua lilikuwa limetukalia utosini.
Watu wa Namichili wamebanana kwenye madawati ya darasa la pili,
magoti yanagusa videvu,
soda zimeshagawiwa, za moto.
Bwana wa kampuni akatazama saa.
Nikasema: *itachimba*.
Nikasema: *itajenga*.

Sikutumwa. Nataka hilo lijulikane.
Hakuna aliyenipa bahasha, hakuna aliyeninong'oneza.
Niliona tu kwamba *inaweza* itazaa maswali,
na maswali yatakula alasiri nzima,
na gari lilikuwa linaondoka saa tisa.

Wakapiga makofi.
Yalianzia kwa Somoe Nampunju,
mwenye mikorosho sitini na miwili,
kila mmoja umepigwa namba nyekundu shinani
kama ng'ombe wa mnada.
Chini ya mikorosho ile kulikuwa na kinywe,
penseli za dunia nzima zimelala zikisubiri kuchongwa,
na juu yake watu wakatia sahihi
kwa dole gumba.

Huu mwaka wa tatu.
Mikorosho haipo. Vumbi lipo,
jeusi, laini, linateleza vidoleni kama mafuta.
Nilikwenda ofisini kwao Lindi, kwenye zulia na kiyoyozi.
Msichana mpole akanifungulia ukurasa wa kumi na tisa,
akaweka ukucha chini ya lile neno.
"Soma mwenyewe, kaka. Hatujavunja kitu."

Na kweli, hawajavunja kitu.
Pweza utamvunja mfupa gani?
Nilitafuta mwongo katika jengo lile, chumba kwa chumba:
mwanasheria aliandika alichoambiwa,
mhasibu alilipa kilichoandikwa,
mkubwa wao yuko nchi nyingine, usiku kwake, amelala,
na pengine ni mtu mwema, anapenda wanawe.
Mwongo alikuwa mmoja tu.
Alikuwa amevaa fulana yenye nembo.

Ahadi ni deni, tunasema.
Basi nihesabieni, ninyi mnaojua hesabu.
Kampuni haikuahidi.
Halmashauri haikuahidi, ilipiga muhuri tu.
Aliyeahidi kwa sauti, mbele ya watu mia moja na kumi na nne,
wakamwelewa,
ni mimi.
Wao walichukua kinywe.
Mimi ndiye niliyetoa kinywa.

Jumatatu Somoe alifika kwangu Ruangwa mjini
kwa bodaboda ya kukopa,
na ndoo tupu iliyokuwa ya rangi, lita ishirini.
Hakunitukana. Afadhali angenitukana.
Aliiweka mlangoni, akakaa kizingitini, akavua kandambili moja
akakung'uta mchanga.
"Nimefuata maji yangu."

Nilifungua bomba.
Ndoo ilijaa polepole, maana bomba langu nalo lina siku zake,
tukawa tunayatazama maji yakipanda
kama watu wawili wanaotazama mizani ya korosho,
kila mmoja anajua ilivyochezewa.

Akafunika. Dereva akaifunga ndoo kwa mpira wa baiskeli.
Nikasema, nitakuletea, usisumbuke kuja,
nitakodi hata mkokoteni.
Alinitazama kwa muda, kama anayesubiri mkalimani.

"Hii," akasema, "ni ya leo."