Ndoo Yake Peke Yake

Miaka kumi na tisa nilipita hapa na lori la magogo,
usiku, Aprili, theluji ikiyeyukia mitaroni,
na chini ya magurudumu nikasikia kitu kama kutafuna.
Majani, nilijiambia. Majani ya mwaka jana, yaliyolowa.
Nikaongeza sauti ya redio.

Sasa nimestaafu. Goti la kulia limechakaa.
Nimevaa kizibao cha njano kinachong'aa,
tochi kichwani, ndoo mkononi,
natembea kilomita ile ile kwa mguu.

Tuko sita usiku huu, nje kidogo ya Laanesoo.
Helve, aliyekuwa tarishi wetu, ndiye mshika daftari.
Manyunyu. Nyuzi sita za joto.
"Watatoka," asema, kwa sauti ile ile
aliyotumia zamani kusema barua yako iko njiani.

Na wanatoka.
Chini ya mizizi ya misonobari, chini ya kuvu na baridi,
mmoja, kisha kumi, kisha lami yenyewe inajongea:
wazito, wenye vipele, macho ya shaba,
wanarudi kwenye dimbwi walikozaliwa.
Nani angewaambia kwamba kati ya kitanda na harusi
tumepitisha barabara?

Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.
Sawa.
Lakini kelele za lori zilimzuia chura kufika majini,
na lori lilikuwa langu.

Kaur, miaka minane, anabishana na daftari:
dume aliyempanda jike mgongoni,
ni mmoja au wawili?
"Wawili."
"Lakini anayetembea ni mmoja!"
Helve anafuta, anafikiri, anaandika wawili.
Waliopondwa wana safu yao upande wa kushoto.
Hairuki. Ishirini na watatu, anaandika,
kwa mwandiko ule ule wa wazima.
Sijamwuliza ingekuwa ngapi
ile miaka yangu.

Saa tano gari likaja, likapiga honi.
Kijana akashusha kioo: amechelewa, ni vyura tu, jamani.
Hatukumjibu, tulikuwa tumeinama.
Akazima injini. Basi, hilo tu. Hakushuka.
Dakika nane alikaa gizani, simu ikimwangaza kidevu,
na dakika nane barabara ilikuwa yao.

Alfajiri tukakagua ndoo zilizofukiwa kando ya uzio.
Katika ya kumi na moja, vyura wanne wamejibana upande mmoja,
na upande wa pili, amejikunja, amekakamaa kwa baridi,
nyoka wa majani, madoa mawili ya njano nyuma ya kichwa.
Tumbo lake lilieleza kwa nini vyura hawakuwa watano.

Ilmar akasema tumwache huku msituni.
Hatuwezi kukesha tukibeba wageni wa karamu
halafu tumbebe na mlaji.
Marget akasema tuwapigie simu watu wa wizara.
Kaur hakusema, alikuwa amechuchumaa,
pua yake shubiri moja kutoka kwa nyoka.

"Alikuwa akielekea wapi?" Helve akauliza.
"Majini."
"Basi naye ni wa ng'ambo. Ndoo yake peke yake."

Nikambeba mimi.
Alikuwa baridi kama mnyororo wa kufungia magogo,
kisha, katikati ya lami, akazinduka kiganjani,
akajifanya maiti, ulimi nje,
na kunimwagia uvundo ambao sina jina lake.
Nilinawa kwa sabuni, kwa siki, kwa petroli.
Siku tatu mke wangu alinilaza jikoni.

Daftari halikuwa na safu ya nyoka.
Helve akapiga mstari kwa ukingo wa sanduku la mkate:
vyura mia nne na kumi na wawili,
nyoka mmoja,
dereva mmoja, aliyezima injini.

Kaur akataka kujua kama mimi nimehesabiwa.
Helve akafunga kalamu.
"Huyo," akasema, "bado anavuka."