Msusi, Lakini Si wa Nywele

Fomu iliuliza kazi yangu.
Nikaandika: msusi.
Katusabe wa dirishani akakitazama kichwa changu,
kitambaa, mvi mbili za kando,
akauliza, "Wa nywele?"
Nikatoa kikapu guniani,
kile kidogo cha kutilia mayai,
nikakigeuza kitako juu juu ya meza yake.
"Nywele zenyewe," nikasema, "ni mabua ya ulezi."
Akacheka, akafuta, akaandika upya:
fundi wa kazi za mikono.
Nikajiona nimerefuka.

Lakini fomu haishibi.
Biashara ilianza mwaka gani?
Hapo kalamu ikagoma.
Niseme mwaka huu, niwe mgeni kazini mwangu?
Au mwaka ule Nyamwamba uliposhuka kutoka Kilembe
na mawe makubwa kama ng'ombe,
ukachukua jiko, mlango, cherehani ya mume wangu,
ukaniachia sindano moja
niliyokuwa nimeichomeka kwenye nguo ya mwilini?
Kisanduku kilikuwa na nafasi ya tarakimu nne.
Nikazijaza. Mto haukuulizwa kitu.

Jina la biashara?
Nililibeba tangu nyumbani, limekunjwa kama noti:
la mama yangu, Kabugho.
Kompyuta ikalikataa.
Yuko Kabugho wa Bwera anayeuza saruji.
Mama, hata jina lako lina foleni.
Nikafikiri, watu wakikohoa nyuma yangu.
"Andika: Sindano Iliyobaki."
Hilo halikuwa na mwenyewe.

Ada. Risiti ya ada. Picha mbili.
Namba ya mlipakodi.
Barua ya mwenyekiti wa mtaa,
ambaye muhuri wake anao mkewe,
na mkewe yuko shambani, anachuma pamba.
Siku tatu nilikwenda, siku tatu nikarudi
kwa njia ya nyuma, kando ya reli iliyolala,
chane zangu begani.
Nilisuka kwenye benchi la kusubiria
hadi askari wa lango naye akajua kukaza ukingo.

Shemeji alinicheka:
"Unajipeleka mwenyewe kwa watoza kodi?
Tangu lini kuku akamwamkia mwewe?"
Labda.
Lakini shemeji hajawahi kukimbia sokoni
na vikapu kumi na viwili kichwani,
gari la manispaa likija nyuma,
wala kuvichungulia kupitia ua wao, wiki nzima ya mvua,
vikiota ukungu
kwa kosa la kutokuwa na karatasi.

Baba alikuwa na namba.
Ya mgodini, kwenye kipande cha shaba
kilichomwachia duara la kijani kifuani.
Alipoanza kukohoa walimpa barua ya kwenda nyumbani,
na ile namba wakampa kijana mwingine
ingali na joto.
Nikakua nikidhani ndivyo namba zilivyo:
zinakuvaa, kisha zinakuvua.

Hii yangu nimeitundika ukutani
karibu mno na chungu cha rangi.
Tayari ina doa la manjano kwenye kona,
juu kidogo ya sahihi.
Nilitaka kulifuta, nikaacha.

Kitabu cha risiti nimenunua.
Wa kwanza kuandikiwa ni shangazi Mbambu,
aliyekuja kuchukua ungo wake
bure, kama miaka yote.
Alikishika kikaratasi mbali na macho,
akasoma jina, akasoma bei,
akanitazama vile alivyonitazama
nilipokuwa na miaka saba, nimeruka fundo moja
nikidhani hataona.
Akafungua ncha ya kitenge.
Akahesabu nusu.
"Nusu nyingine," akasema, "ni ya kukufundisha."

Nimepekua kitabu kizima.
Hakina mstari wa kuandika hilo.